Bweremana: Kindle iliyoachwa na kampuni inaweza kuwa maktaba ya darasa

Katika mwezi wa nane 2022, kampuni ya Amazon ya Marekani ilifunga duka lake la vitabu kwenye baadhi ya vifaa vyake vya zamani vya kusomea, zikiwemo Kindle Keyboard ya mwaka 2010 na Kindle 4 ya mwaka 2011. Vifaa hivyo havikuharibika siku hiyo. Vitabu vilivyokwisha kununuliwa viliendelea kusomeka. Kilichokatika ni njia ya kununua kitabu kingine kupitia kifaa chenyewe. Leo vingi vya namna hiyo vinalala ndani ya droo huko Ulaya na Amerika, mwenyewe akidhani vimekufa.

Havijakufa. Ndani ya kila kimoja kuna kompyuta ndogo inayotembea na Linux, mfumo ule ule wa wazi unaotumika kwenye kompyuta kubwa za dunia. Watu wanaojitolea, wa nchi mbalimbali, wametengeneza programu za bure zinazowekwa juu ya mfumo huo na kukipa kifaa kazi mpya. Inayojulikana zaidi inaitwa KOReader. Inasoma vitabu ambavyo Kindle ya zamani inavikataa, na haihitaji duka la mtu yeyote.

Kwa mahali kama Bweremana, katika teritwari ya Masisi, ambako umeme ni wa kuhesabu na mega za intaneti zinanunuliwa kidogo kidogo, kazi hiyo ina maana kubwa kuliko kule kifaa kilikotoka. Lakini haifanyiki yenyewe. Inahitaji mtu anayejua kufungua kifaa bila kukiharibu, vitabu vilivyopatikana kwa haki, na fundi wa karibu siku kitakapogoma.

Mahali ambapo kitabu kinafika kwa shida

Bweremana iko ukingoni mwa Ziwa Kivu, katika groupement ya Mupfuni-Shanga, chefferie ya Bahunde. Barabara ya taifa namba 2 inapita hapo, ikitoka Goma kupitia Sake kuelekea Minova na Bukavu. Ni barabara ya maharagi, ndizi, mihogo na sambaza. Inapofungwa, Goma inasikia njaa na Bweremana inakosa bidhaa za kiwandani, daftari na kalamu zikiwemo.

Ilifungwa kweli. Katika mwezi wa pili 2024, mapigano ya kandokando ya Sake na Shasha yalikata njia kati ya Goma na Minova. Chakula kikawa kinapita ziwani, na maelfu ya watu waliokimbia vijiji vyao wakatafuta hifadhi Bweremana na Minova. Tarehe 21 mwezi wa kwanza 2025 Minova ikaingia mikononi mwa M23, na tarehe 27 mwezi huo huo ikawa zamu ya mji wa Goma. Benki za Goma zikafunga milango.

Katika safari za namna hiyo kitabu ni kati ya vitu vya kwanza kuachwa. Mzazi anayekimbia hubeba mtoto, sufuria na godoro. Kamusi ya kilo mbili inabaki nyuma.

Hata kabla ya vita kurudi, vitabu vilikuwa haba. Tangu mwezi wa tisa 2019 masomo ya shule za msingi za serikali yalitangazwa kuwa ya bure katika Congo nzima, na madarasa yakajaa. Vitabu havikuongezeka kwa mwendo huo. Kwenye sekondari, wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani wa serikali, Exetat, wanategemea yale waliyoandika kutoka ubaoni, fotokopi zilizofifia, na mafaili ya PDF yanayotembea kwenye WhatsApp.

Faili hizo ndizo zinazoleta swali. Zipo tayari mikononi mwa watu. Shida ni kuzisoma. Kwenye kioo kidogo cha simu, ukurasa wa PDF ulioandaliwa kwa karatasi kubwa unalazimisha msomaji kuvuta herufi kushoto na kulia kila mstari. Na simu ya nyumbani si ya mwanafunzi peke yake: ndiyo pochi ya pesa, ndiyo tochi, ndiyo habari za ndugu walio mbali. Saa mbili za kusoma zinaweza kuiacha imezimika usiku ambao familia inaihitaji.

Wino usiokula moto

Kifaa cha kusomea vitabu, ambacho kwa Kifaransa huitwa «liseuse», hakionyeshi herufi kama simu inavyofanya. Kioo cha simu kinawaka taa muda wote. Kioo cha Kindle au Kobo kina vidonge vidogo sana, ndani yake chembe nyeusi na nyeupe. Umeme unazisukuma chembe hizo juu au chini ili kuchora herufi, kisha umeme unakatika na herufi zinabaki pale pale. Kugeuza ukurasa kunakula moto kidogo. Kuuangalia ukurasa hakuli kitu. Teknolojia hiyo ilitengenezwa na kampuni ya E Ink, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1997.

Ndiyo sababu betri ndogo inadumu wiki nyingi. Betri ya Kindle 4 haifiki hata mAh 1000, wakati simu nyingi za leo zina 4000 au 5000. Panele ndogo ya jua yenye tundu la USB, ile ile inayotia moto simu moja, inaweza kuhudumia vifaa kadhaa kwa zamu katika juma moja. Kwa shule isiyo na umeme hii ni faida kubwa kuliko zote.

Faida ya pili inaonekana nje, chini ya jua la mchana. Kioo cha simu kinapotea kwenye mwanga mkali, kumbe wino wa kielektroniki unasomeka vizuri zaidi, sawa na karatasi. Darasa lisilo na kuta kamili au kivuli cha mti vinatosha.

Upungufu nao upo, na heri usemwe mapema. Kindle Keyboard, Kindle 4 na Kindle Touch hazina taa ndani. Usiku zinahitaji tochi au taa ya pembeni. Kindle yenye taa yake ilianza na Paperwhite ya mwaka 2012. Rangi hakuna, hivyo ramani na picha za biolojia zinatoka kijivu. Kumbukumbu ya ndani ni ndogo: Kindle 4 na Kindle Touch zina megabaiti 256 tu za kufanyia kazi. Faili nzito ya kurasa zilizopigwa picha inaweza kuchukua sekunde nyingi kufunguka, au kukwama kabisa.

Kufuli la nani?

Kindle inauzwa ikiwa imefungwa. Mnunuzi anaweza kusoma, kununua na kuongeza vitabu vya aina fulani, lakini hawezi kubadili programu ya ndani. EPUB, aina ya faili inayotumiwa na maktaba nyingi za bure duniani, haifunguki kwenye Kindle inapowekwa moja kwa moja kwa waya. Lazima kwanza igeuzwe. Na kampuni inabaki na mkono mrefu ndani ya kifaa.

Mkono huo ulionekana wazi katika mwezi wa saba 2009. Kulikuwa na mgogoro wa haki za uchapishaji, na Amazon ikafuta kutoka mbali nakala za vitabu viwili vya George Orwell, «1984» na «Animal Farm», ndani ya Kindle za watu waliokwisha kuvilipia. Walirudishiwa pesa, na mkuu wa kampuni wakati huo, Jeff Bezos, aliomba radhi hadharani. Lakini somo lilibaki: kitabu kilichomo ndani ya kifaa kilichofungwa kinaweza kuondoka bila mwenyewe kuulizwa.

Miaka 16 baadaye, tarehe 26 mwezi wa pili 2025, Amazon iliondoa njia nyingine, ile ya kupakua kitabu kilichonunuliwa kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya. Kwa mtu wa Brussels mwenye intaneti nyumbani, hilo ni usumbufu mdogo. Kwa mtu wa Bweremana anayefika kwenye mtandao mzuri mara moja kwa mwezi, waya ndiyo njia yenyewe.

Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri maungo. Kifaa kinachotegemea ruhusa ya duka lililo mbali kinafanana na nguo ya kuazima: mwenyewe akiitaka, unabaki uchi. Kukifungua na kuweka programu ya wazi ni kukifanya kiwe mali ya aliye nacho mkononi.

Kinachofanywa hasa

Kazi inatofautiana sana kulingana na aina ya kifaa, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Kobo, ya kampuni iliyozaliwa Toronto huko Canada na ambayo sasa ni ya Rakuten ya Japani, haina kufuli gumu. Kifaa kinaunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, mafaili ya KOReader yananakiliwa ndani pamoja na programu ndogo ya kuifungulia, kisha kifaa kinazimwa na kuwashwa. Kinaanza upya na neno jipya linaonekana kwenye orodha yake. Mwenyewe akitaka kurudi kwenye programu ya kiwandani, bado ipo. Kobo inasoma EPUB tangu mwanzo, na Kobo Touch ya kwanza ina hata nafasi ya kadi ya kumbukumbu pembeni, sawa na kadi ya simu.

Kindle ni habari nyingine. Kwanza lazima kufuli livunjwe, na njia ya kulivunja inategemea mwaka wa kifaa na toleo la programu iliyomo. Kindle Keyboard na Kindle 4 hufunguliwa kwa waya peke yake, bila intaneti. Kwa zile mpya zaidi, njia zinafunguka na kufungwa kama mlango wa upepo. Katika mwezi wa kwanza 2025 ilitolewa njia iliyoitwa WinterBreak, ikafungua Kindle nyingi kwa wakati mmoja. Amazon ikaiziba kwenye toleo la 5.18.1. Kifaa kilichokwisha kupokea toleo hilo hakifunguki tena kwa njia hiyo. Ndiyo maana jambo la kwanza kwa mwenye Kindle anayefikiria kazi hii ni kuzima Wi-Fi, ili kifaa kisijisasishe chenyewe usiku.

Fundi makini hufuata utaratibu ule ule kila mara. Anasoma kwanza aina ya kifaa na toleo la programu kwenye ukurasa wa mipangilio, na kutafuta maelekezo ya aina hiyo hasa, si ya ndugu yake. Anajaza betri, kwa sababu kifaa kikizimika katikati ya kuandikwa kinaweza kubaki na picha moja kwenye kioo na kisiamke tena. Ananakili kwenye kompyuta kila kitu kilichokuwemo. Hachomoi waya mpaka kompyuta imemaliza. Baada ya hapo anazuia masasisho ya kampuni, la sivyo kazi yote inaweza kufutwa siku kifaa kitakapokutana na Wi-Fi.

Kisha KOReader inaingia. Ni programu huru: msimbo wake uko wazi, haiuzwi, na mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuichunguza na kuigawa. Orodha zake zinaweza kuwekwa kwa Kifaransa. Inafungua EPUB, PDF, DjVu na aina nyingine. Kwa PDF inaweza kukata pembe nyeupe za ukurasa, au kuyapanga upya maneno ili yatoshee kioo cha inchi 6 kwa herufi kubwa. Mwalimu mwenye macho yaliyochoka anaongeza ukubwa wa herufi anavyotaka. Kamusi zinaweza kuwekwa ndani, hivyo mwanafunzi akigusa neno la Kifaransa asilolijua, maana inatokea pale pale bila mtandao.

Upande wa kompyuta kuna programu nyingine ya bure, Calibre, iliyoanzishwa na Kovid Goyal mwaka 2006. Inapanga vitabu, inageuza aina moja ya faili kuwa nyingine, na kuvituma kwenye vifaa. KOReader inaweza kuzungumza na Calibre kwa Wi-Fi ya ndani ya chumba, hata kama Wi-Fi hiyo haifiki kwenye intaneti. Kompyuta moja ya zamani, kisanduku kimoja cha Wi-Fi na vifaa kumi vinatosha kuwa maktaba ya darasa.

Nje ya kusoma, wapo wanaokigeuza kifaa kuwa saa ya ukutani, kalenda au ubao wa kuonyesha hali ya hewa, kwa kuwa kioo chake kinaweza kukaa siku nzima kikionyesha ukurasa mmoja bila kula betri. Ni matumizi mazuri kwa kifaa ambacho sehemu ya kugusa imeharibika.

Funzo la Burundi, Ghana na Kenya

Wazo la kupeleka vifaa vya kusomea kwa Wacongomani walio mbali na nyumbani si geni. Mwaka 2014 shirika la Ufaransa Bibliothèques Sans Frontières lilipeleka Ideas Box kwenye kambi za wakimbizi wa Congo nchini Burundi, zikiwemo Kavumu na Bwagiriza. Ni masanduku makubwa yaliyochorwa na Mfaransa Philippe Starck, ambayo yakifunguliwa yanakuwa chumba cha kusomea: vitabu vya karatasi, tableti, vifaa vya kusomea, sinema, na chanzo chake cha umeme. Sanduku halikuachwa peke yake. Lilikuwa na watu wa kulisimamia na kuwaongoza wasomaji.

Shirika la Worldreader, lililoanzishwa na David Risher, aliyewahi kuwa kiongozi ndani ya Amazon, pamoja na Colin McElwee, lilianza mwaka 2010 huko Ghana kwa kuwapa wanafunzi Kindle zenye vitabu ndani. Baadaye lilifika Kenya, Uganda na nchi nyingine. Watoto walisoma. Lakini katika jaribio la Ghana karibu vifaa vinne kati ya kumi viliharibika, hasa vioo. Shirika lililazimika kutafuta mifuko migumu zaidi na kuwafundisha watoto namna ya kuvibeba. Miaka iliyofuata likaelekeza nguvu nyingi kwenye simu, kwa kuwa simu tayari zipo mikononi mwa familia.

Mambo mawili yanatoka hapo kwa Bweremana.

La kwanza: kioo ndicho roho ya kifaa, na ni dhaifu. Chini ya plastiki kuna bamba jembamba la kioo cha kweli. Kikikaliwa ndani ya mfuko wa shule, au kikibanwa kati ya magunia kwenye mtumbwi, mstari unapita katikati na hakuna programu itakayoutibu. Kioo kipya kinaweza kugharimu kuliko kifaa kizima cha zamani. Lakini tundu la kutia moto na betri ni vitu ambavyo fundi wa simu anavifahamu. Na vifaa viwili vya aina moja vilivyoharibika, kimoja kioo na kingine betri, vinaweza kuzaa kimoja kizima. Kwa hiyo ni bora kupokea vifaa kumi vya aina moja kuliko kumi na viwili vya aina kumi na mbili.

La pili: simu isidharauliwe. KOReader yenyewe inaingia kwenye simu na tableti za Android, bila kuvunja kufuli lolote. Mwalimu anaweza kuanza leo kwa simu aliyo nayo, akajifunza programu, akapanga vitabu, na vifaa vya wino vikifika baadaye akute kazi imekwisha kuanza.

Vitabu gani, na kwa haki gani

Kifaa kilichofunguliwa kinaweza kubeba kitabu chochote, hata kilichoibwa. Hapo ndipo mradi mzuri unaweza kuharibika jina.

Nchini Congo haki za waandishi zinalindwa na sheria-agizo namba 86-033 ya tarehe 5 mwezi wa nne 1986. Ulinzi wake unadumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake ni wazi: Zamenga Batukezanga, ambaye vitabu vyake vimesomwa na vizazi vya wanafunzi wa Congo, alifariki mwaka 2000, kazi zake bado zina wenyewe. Valentin-Yves Mudimbe alifariki mwezi wa nne 2025. Hesabu yake ndiyo kwanza imeanza. Kuvipiga picha vitabu vyao na kuvigawa ni kuwanyima haki warithi wa waandishi wetu wenyewe, ambao hawakulipwa sana hata wakati wa uhai wao.

Lakini vitabu vya halali vipo vingi kuliko wengi wanavyofikiri. Project Gutenberg, mradi ulioanzishwa na Michael Hart nchini Marekani mwaka 1971, unatoa bure vitabu zaidi ya 70.000 ambavyo muda wa haki zake umekwisha katika nchi hiyo. Vya Kifaransa ni maelfu: Molière, La Fontaine, Victor Hugo, Jules Verne, ambao majina yao yanarudi kwenye masomo ya Kifaransa ya sekondari. Kwa watoto wadogo kuna African Storybook ya Afrika Kusini, yenye hadithi zilizoandikwa katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na ruhusa ya kuzigawa imetolewa tangu mwanzo. Wikisource na Wikipedia nazo zinaruhusu kunakiliwa.

Na kuna vitabu ambavyo Bweremana yenyewe inaweza kuvitoa. Masomo yaliyoandikwa na mwalimu ni mali yake. Akiyachapa kwenye kompyuta na kuyageuza kuwa EPUB, yanaingia kwenye kila kifaa cha darasa kwa dakika chache, na mwaka unaofuata anayasahihisha bila kulipa fotokopi mpya. Hadithi za wazee kwa Kihunde, Kitembo au Kihavu, zikiandikwa kwa ruhusa yao, zinaweza kukaa ndani ya kifaa kile kile pamoja na Molière. Duka la Amazon halikufikiria wasomaji wa lugha hizo. Kifaa kilichofunguliwa hakiulizi lugha.

Kuhusu kuvunja kufuli lenyewe, sheria za nchi hazifanani. Marekani, tangu mwaka 2015, ruhusa maalumu ya kufungua simu na tableti haikujumlisha vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya vitabu tu. Kampuni nazo hazitoi dhamana kwa kifaa kilichobadilishwa, ingawa kwa kifaa cha mwaka 2011 dhamana ilikwisha siku nyingi. Anayetaka kukaa mbali na mjadala huo anayo njia: atafute Kobo.

Kabla ya kutuma kutoka ng'ambo

Familia nyingi za Masisi na Walikale zina ndugu Ulaya, Canada au Afrika Kusini. Ndugu anayetaka kusaidia anaweza kupunguza shida nyingi kabla kifaa hakijapanda ndege.

Afute kwanza akaunti yake kwenye kifaa, ili jina lake na kadi yake ya benki visisafiri pamoja nacho. Azime Wi-Fi mara moja, kisha aandike aina ya kifaa na toleo la programu kwenye karatasi. Akiweza, afanye kazi ya kufungua na kuweka KOReader huko huko aliko na intaneti nzuri. Kukosea akiwa Liège ni nafuu kuliko kukosea Bweremana. Atume waya wa ziada, kwa sababu vifaa vya zamani vinatumia tundu la micro USB, si lile la simu mpya. Na asiweke kifaa bila kifuniko kigumu: kati ya Goma na Bweremana, iwe kwa ziwa au kwa barabara ya Sake, mzigo unarushwa.

Upande wa kupokea, shule inahitaji vitu vichache lakini vya lazima: mtu mmoja mwenye jina lake kwenye daftari la vifaa, sanduku linalofungika na lisiloingiza maji, panele moja ya jua, na kompyuta moja yenye nakala ya vitabu vyote. Nakala hiyo isikae mahali pamoja na vifaa. Kumbukumbu ya USB yenye vitabu mia kadhaa inatosha ndani ya mfuko wa shati. Siku ya kukimbia, hata masanduku yakiachwa, maktaba inaweza kuondoka na mtu mmoja, na kujazwa tena kwenye kifaa chochote atakachokikuta mbele.

Hakuna kifaa kitakachorudisha mwalimu aliyeondoka au kufungua barabara iliyofungwa. Kindle ya mwaka 2011 haibadilishi hayo. Inachoweza kufanya ni kidogo, lakini kinapimika: kumpa mwanafunzi wa darasa la sita la sekondari ukurasa anaoweza kuusoma hadi mwisho, mchana bila umeme, kutoka kitabu ambacho hakuna duka litakalokifuta.